Upande wa Upepo

Kuta tatu za nyumba hii ni zilezile za babu.
Ule wa nne, unaoitazama bahari ya Nyufaundlendi,
umevuliwa na kuvishwa mara tano,
kama mtoto asiyeacha kucheza matopeni.

Machi iliyopita aliyeuvua ni dhoruba.
Plastiki, tuliyoambiwa haiozi wala haitaki rangi,
iliondoka kipande kwa kipande usiku kucha,
ta, ta, ta, kisha kimya,
na kimya ndicho kilichotutisha.
Asubuhi kipande kimoja kilikutwa juu ya kanisa,
kingine kwa akina Snook, kimemlalia kondoo.
Cyril Snook alikirudisha mwenyewe, amekiosha.
"Chenu hiki," akasema, kana kwamba ni sahani.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakupata kuishi hapa horini.
Sisi ufa tunaziba, na ukuta tunajenga vilevile.

Mjomba Esau, miaka sabini na mmoja, goti moja la chuma,
hakutaka kusikia plastiki tena.
"Mbao. Mbao zinapumua.
Kisichopumua huoza kimyakimya, kama watu."
Tukanunua msonobari, tukapaka kila ubao
uso na mgongo, na kingo, na ncha, hasa ncha,
maana maji huingilia pale fundi alipochoka.

Redio ilitupa siku nne kavu za Oktoba.
"Tatu," alisema Esau, akinusa.

Ya kwanza ilikuwa ya mtaimbo.
Chini ya mabaki ya plastiki, mbao za kijani;
chini ya kijani, nyekundu iliyokorogwa na mafuta ya chewa;
chini yake magazeti, bei za unga, tangazo la meli,
na kifuniko cha kopo la chai kilichozibia tundu,
kimepigiliwa na mtu mwenye haraka na misumari saba.
Ubao wa mwisho ulitoka kama mkate uliolowa.
Esau alitia kidole kwenye nguzo ya kona.
Kikaingia mpaka kwenye pete.
Hakusema kitu. Akaenda kuchukua msumeno.

Ndani ya kona, kiota cha panya, kikavu kabisa,
na katikati ya kiota, sufu nyekundu:
kidole gumba cha glavu yangu.

Nilikuwa na miaka sita. Mama aliifuma kwa mwanga wa kibatari.
Nikaapa sikuipoteza.
Kofi la kwanza lilikuwa la glavu, la pili la kiapo.

Sasa mama yuko mjini, katika makao ya wazee,
kuta nene, madirisha yasiyofunguka,
na ananiita kwa jina la dada yake.
Nimpelekee gumba la sufu, ushahidi,
kwa hakimu aliyeisahau kesi?
Nikalitia mfukoni. Nikalitoa.
"Lirudishe," akasema Esau, misumari mdomoni.
"Panya amelitunza kuliko wewe."

Siku ya pili, karatasi ya lami, ubao, msumari, ubao,
kila mmoja ukiulalia wa chini yake kwa inchi moja
ili mvua iteremke ngazi bila kubisha hodi.
Siku ya tatu tulivuka dirisha. Ilikuwa saa tisa
vidole vilipoanza kudondosha misumari
na bahari ikageuka rangi ya risasi.

Safu tatu zilibaki.
Tukatandaza turubai, tukalikaza kwa vipande vya mbao kuukuu.
Usiku upepo ulikuja, ukapapasa ubao mmoja mmoja
kama mnunuzi asiye na nia ya kununua.
Turubai lilipiga makelele. Mbao hazikujibu.
Esau alisinzia kitini, nyundo mapajani.
Mimi nilikaa sakafuni, mgongo ukutani,
nikihesabu safu kwa kumbukumbu, kutoka chini,
na kila nilipofika ya kumi na tisa
baridi ilianzia hapo, usawa wa sikio,
nami nikaanza tena.